Keki ya Dobos: Siri Iliyogawiwa Bure

Katika maonyesho makubwa ya kitaifa yaliyofanyika Budapest, Hungaria, mwaka 1885, ilionyeshwa keki ya mpishi mmoja wa mji huo, József C. Dobos. Kaisari Franz Joseph, aliyekuwa pia Mfalme wa Hungaria, na mkewe Elisabeth walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuionja. Keki hiyo haikurundikiwa mapambo. Ilikuwa ya duara, tabaka juu ya tabaka, na juu imefunikwa sukari iliyoyeyushwa ikaganda na kung'aa mfano wa kioo. Kwa Kihungaria neno dobos maana yake ni mpiga ngoma; kwa hiyo wako wadhanio kwamba keki iliitwa hivyo kwa umbo lake, kumbe ni jina la mwenyewe tu.

Siku hizo majokofu hayakuwamo majumbani. Keki nyingi zilijazwa malai, au krimu iliyopikwa kwa maziwa na mayai, vitu ambavyo huchacha upesi. Dobos alijaza yake siagi iliyopigwa pamoja na chokoleti, nayo hukaa zaidi. Ile sukari ngumu ya juu, licha ya utamu wake, huzuia keki isikauke. Alitengeneza hata sanduku maalumu la mbao, akaweza kuzipeleka keki zake nchi nyingine.

Waigaji hawakukosekana, ila wengi hawakuipatia. Kwa miaka mingi Dobos aliificha siri yake. Hata ilipofika mwaka 1906, akiwa anaacha kazi, aliikabidhi kwa chama cha waokaji keki wa Budapest ili kila mwanachama aitumie apendavyo.

Huko Vienna mambo yalikwenda vingine. Keki ya Sacher, ya chokoleti na jamu ya aprikoti, ambayo husimuliwa kuwa ilipikwa mara ya kwanza mwaka 1832 na kijana Franz Sacher aliyekuwa bado akijifunza kazi, iliwapeleka mahakamani Hoteli Sacher na duka la keki la Demel. Waligombania nani aiite yake ya asili, na hata kama jamu ipakwe katikati au chini ya chokoleti ya juu tu. Mwaka 1963 ndipo walipopatana, na hoteli ikabaki na neno hilo. Miaka kadhaa ya mawakili kwa ajili ya jamu!

Mama wa nyumbani atakaye kuijaribu keki ya Dobos hahitaji hamira. Kinachoiumusha ni ute wa mayai uliopigwa hadi ukasimama, kisha ukachanganywa taratibu na viini, sukari na unga. Kila tabaka huokwa peke yake, jembamba, kwa dakika chache. Yote ni sita. Matano hupakwa krimu na kupangwa. Penye joto kali siagi hulegea, hivyo ni heri kuipaka jioni.

Tabaka la sita ndilo lenye kutaka wepesi wa mkono. Humiminiwa sukari iliyoyeyushwa, na papo hapo hukatwa vipande kwa kisu kilichopakwa siagi, kwani ikishaganda hupasuka ovyo. Kwa hiyo wageni sharti wahesabiwe kabla sukari haijatiwa motoni.