Mkitaka Tuzo, Anzeni na Watu wa Insentivu

Wiki jana afisa wa shirika fulani hapa Dadaab alinipigia simu. Anataka niwatengenezee video ya dakika tatu. Wanaingia mashindano ya tuzo za mawasiliano kazini, yaani jinsi mwajiri anavyoongea na wafanyakazi wake. Pesa ni nzuri, walahi. Nilikubali kabla hajamaliza kuongea.

Halafu akanitumia fomu ya kushiriki. Niliisoma usiku, usingizi ukapotea.

Hizi tuzo si mchezo. Kenya tuna za PRSK, chama cha maafisa wa uhusiano mwema. Kimataifa kuna Gold Quill za IABC, na huko bango zuri peke yake halikufikishi mbali. Unaeleza tatizo lilikuwa nini, ujumbe ulikuwa wa nani, na baadaye nini kilibadilika, tena kwa kipimo.

Sasa kwenye "ujumbe ni wa nani" hawa wameandika: "wafanyakazi wote". Wote gani? Hapa Hagadera, nenda shuleni, nenda hospitalini, utapata wakimbizi wa insentivu, wanaolipwa posho na si mshahara. Wengi hawana barua pepe ya ofisi. Memo inaandikwa Kiingereza, na bloku zetu zinaongea Kisomali, Kimaay, Kioromo na Kiswahili.

Niwape kisa cha nyumbani. Mwaka 2025 ufadhili ulikatwa, na kuanzia Juni mgao wa chakula Dadaab ukashuka hadi asilimia 28. Mwaka huohuo habaryar wangu, mama mdogo, alikuwa mkalimani kwa shirika lingine ambalo silitaji. Asubuhi moja alienda kazini kama kawaida. Getini, mlinzi ambaye ni jirani yetu akamwonyesha karatasi. Jina lake halimo.

"Habaryar, nisamehe," akamwambia. "Hata mimi nimeiona saa hii tu."

Mama mdogo hakulia kwa sababu ya kazi. Kazi huisha. Alilia kwa sababu miaka tisa alitafsiria watu habari zao, na siku ya habari yake hakuna aliyekuja kumwambia.

Na si yeye peke yake aliyeumia. Hapa kambini mfanyakazi ndiye redio ya bloku. Akirudi jioni majirani wanamngoja: mgao ni lini? Zahanati itafungwa? Kama bosi wake hajamwambia kitu, atajibu nini? Atanyamaza, na uvumi hautanyamaza. Kufikia asubuhi kuna familia imeuza mbuzi kwa sababu ya jambo ambalo si kweli.

Najua mtasema: wewe nawe, unataka pesa ya video huku unalalamika. Ni kweli, naitaka. Wengine watasema tuzo huleta wafadhili, na wafadhili ndio kazi zetu. Hiyo pia nakubali. Sisemi wasishindane. Nasema hiyo fomu ina maswali mazuri kuliko mikutano yetu mingi, basi wayajibu kwa ukweli.

Kwa hivyo nilimpigia afisa nikampa sharti moja. Video ianze na watu wa insentivu, kila mmoja aseme habari kubwa ya mwisho kuhusu kazi yake aliipata wapi. Wakisema ofisini, hongera, hiyo tuzo ni yenu na nitawapigia makofi. Wakisema getini, au kwa grupu ya WhatsApp, rekebisheni kwanza, mshindane mwaka ujao.

Akasema atauliza bosi. Mpaka leo simu haijalia, na kodi ya intaneti inakaribia. Sijabadilisha sharti.

Wewe unayefanya kazi hapa Hagadera, Ifo au Dagahaley, niambie: habari za kazi yako huwa unazisikia kwanza kwa nani?