Asiyekubali Kushindwa si Mshindani



Wengi huidhani kazi ya ubalozi kuwa ni kuvaa vizuri, kupanda ndege na kuhudhuria karamu za wakubwa. Hayo ndiyo yaonekanayo kwa nje. Kwa ndani, ni kazi ya kukaa meza moja na mtu msiyepatana, kumsikiliza mpaka amalize, kumjibu bila ya kumvunjia heshima, na kesho kurejea kwake tena. Mwezi huu twapenda kuitazama kazi ya Bwana Salim Ahmed Salim, mwana wa Zanzibar, kwani ndani yake mna funzo tunalolihitaji mno majumbani na misikitini mwetu.

Bwana Salim alizaliwa mwaka 1942. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alipelekwa Cairo kuwa balozi. Baadaye alitumwa India, kisha China, na tangu mwaka 1970 hadi 1980 aliiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa, New York. Huko aliiongoza kamati ya kuondoa ukoloni tangu mwaka 1972, katika miaka ambayo Guinea-Bissau, Msumbiji, Angola na Zimbabwe zilipata uhuru wao. Mwaka 1979 akachaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu.

Mwaka 1981 aligombea cheo cha Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akishindana na Kurt Waldheim wa Austria, aliyekuwa akitaka kipindi cha tatu. Mgombea hupendekezwa kwanza na Baraza la Usalama lenye wajumbe 15. Yambidi apate kura 9, na tena asipingwe na hata moja katika dola tano kubwa zenye kura ya turufu. Marekani ikamzuia Salim. China nayo ikamzuia Waldheim. Kura zikapigwa mara 16, wiki baada ya wiki, na hapana aliyepita.

Mwanzoni mwa Disemba, Waldheim akajiweka kando, na Salim naye akafanya vivyo hivyo. Njia ikafunguka, na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akachaguliwa.

Basi tuyatazame yaliyofuata. Bwana Salim hakuisusa kazi. Aliendelea kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, na mwaka 1984 akawa Waziri Mkuu. Mwaka 1989 Waafrika wakamkabidhi Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akaushika mpaka mwaka 2001. Mlango mmoja ulipofungwa, hakusimama mbele yake akiupiga mateke.

Na sisi je? Twagombea uimamu, twagombea uongozi wa kamati, twagombea shamba la minazi aliloliacha marehemu. Aliyekosa huhama msikiti, huwatoa watoto wake chuoni, na hata salamu hukatika. Sisi walimu ndio wa kwanza kuyaona hayo. Watoto wawili waliokuwa wakisoma juzuu moja, siku moja hukaa mbalimbali, kila mmoja amempa mwenziwe mgongo. Ukiwauliza sababu, hawaijui. Wameurithi ugomvi kabla ya kurithi kitu kingine chochote.

Hatusemi mtu aiache haki yake. Aliyedhulumiwa urithi na aidai, tena mbele ya wazee au mbele ya kadhi. Lakini haki ni kitu kimoja, na kutaka kushinda ni kitu kingine. Cheo si haki ya mtu. Ni amana apewayo na wenziwe. Wakimpa mwengine, jamaa ni wale wale, na kazi ingali ipo ya kufanywa.

Enyi wazazi, msiyanene mabaya ya mshindani wenu mbele ya watoto. Nanyi vijana, siku mtakayoshindwa katika jambo, muwe wa kwanza kumpa mkono aliyeshinda, na kesho mfike kazini kama jana. Msuluhishi hutafutwa miongoni mwa watu ambao milango yote yaweza kuwafungukia. Na aliyejifungia milango kwa hasira, nani atamtuma?

Wabillahi tawfiq.