Hita ya Tangi la Matumbawe: Ikiharibika, Iharibike kwa Upande wa Baridi

Leo naweka kando mambo ya tovuti na hifadhidata. Nataka tuzungumze juu ya kifaa kidogo ambacho kinaweza kuua kila kiumbe kwenye tangi lako la maji ya chumvi ukiwa safarini wikendi moja tu: hita.

Msomaji wa Mombasa atacheka. Hita ya nini na joto lote hili? Kweli kabisa. Kwake kazi kubwa ni kupoza maji. Lakini Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi yake mnaijua. Matumbawe yanataka maji ya nyuzijoto 24 hadi 27 hivi, usiku na mchana, mwaka mzima. Anayeyafuga sebuleni Nairobi, Nakuru au Eldoret hana budi kupasha maji.

Sasa, watu wengi wakienda kununua hita huuliza swali moja: je, itapasha maji ya kutosha? Mimi nasema swali la kwanza linafaa kuwa hili: siku ikiharibika, itaharibika vipi? Maana itaharibika tu, iwe ya bei nafuu au ya bei ghali. Na kuna njia mbili. Inaweza kufa ikiwa imezima, au kukwama ikiwa imewaka. Watu huzichukulia kama shida mbili zinazolingana. Hazilingani hata kidogo, na hesabu ndogo itaonyesha kwa nini.

Chukua tangi la lita 200. Lita moja ya maji ya bahari huhitaji kama kilojuli 4.1 ili ipande nyuzijoto moja. Tuseme chumba kiko nyuzijoto 18, maji yako 25, na kuyaweka hapo kunahitaji wastani wa wati 100. (Tuache pampu na taa kwanza, ingawa nazo huongeza joto.) Maana yake tangi linapoteza kama wati 14 kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti kati ya maji na chumba.

Hita ikifa ikiwa imezima, baada ya saa 8 maji yatakuwa kama nyuzijoto 22. Baada ya saa 12, kama 21. Si vizuri, lakini unaamka asubuhi, unagusa kioo, unashtuka, unatafuta hita nyingine. Una nafasi.

Sasa hita ya wati 300, ambayo wengi wangeiweka kwenye tangi kama hilo "ili iwe na nguvu", ikwame ikiwa imewaka. Baada ya saa 8 maji ni zaidi ya nyuzijoto 30. Baada ya saa 16 ni karibu 34. Na haitulii hapo, inaelekea 39. Hiyo si bahari tena, ni supu!

Ndani ya matumbawe huishi mwani mdogo sana unaoyalisha na kuyapa rangi. Joto likizidi, matumbawe huutoa mwani huo na kubaki meupe, na yasipoupata tena hufa kwa njaa. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, matumbawe ya pwani yetu yalipauka hivyo na mengi yakafa. Joto la nyuzijoto moja au mbili tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, likidumu wiki kadhaa, linatosha kuyapausha. Tena maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo zaidi, kwa hivyo samaki nao wanabanwa.

Basi msimamo wangu ni huu: hita, swichi zake na programu yake vipangwe ili kitu kikiharibika, maji yapoe badala ya kuchemka. Vipi?

Kwanza, ukubwa. Acha hita moja ya wati 300. Weka mbili za wati 75. Kwa tangi la mfano wetu, hizo mbili pamoja ni wati 150, zinazotosha hata chumba kikishuka hadi nyuzijoto 15. Moja ikikwama ikiwa imewaka, kwenye chumba cha 18 haiwezi peke yake kuvusha maji hata nyuzijoto 24. Haina nguvu ya kufanya ubaya. Na moja ikifa, ya pili inayashikilia maji hapo hapo kwenye 23 na kitu. Umepata ulinzi wa pande zote mbili bila mstari mmoja wa programu.

Utajuaje tangi lako linahitaji wati ngapi? Usikisie wala usifuate maandishi ya kwenye boksi. Azima ile mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, iache na hita kwa siku nzima katika wiki yenye baridi, kisha soma uniti. Uniti 2.4 kwa saa 24 ni wastani wa wati 100. Ongeza nusu yake kwa ajili ya usiku mbaya zaidi, halafu gawanya kwa mbili.

Pili, swichi mbili zisizojuana. Hita nyingi za kioo hutumia kipande cha metali mbili tofauti zilizounganishwa. Kikipata joto hujikunja na kufungua mawasiliano ya stima. Kila kinapofungua hutoa cheche ndogo, na baada ya maelfu ya cheche ncha zinaweza kushikana kama zimechomelewa. Hapo ndipo hita hukwama ikiwa imewaka. Kwa hivyo usiiache peke yake. Pitisha stima yake kwenye kidhibiti cha nje, kama vile Inkbird ITC-308, chenye kipimajoto chake kinachozama majini. Weka kidhibiti kwenye 25, na themostati ya hita yenyewe kwenye 26 na nusu hivi. Siku za kawaida kidhibiti ndicho kinachofanya kazi. Kikikwama, themostati ya hita inakata. Ili tangi lichemke ni lazima vyote viwili vikwame kwa wakati mmoja.

Hita za titani ni nzuri kwa kuwa hazipasuki kama kioo, lakini nyingi hazina themostati yoyote ndani. Ukinunua hiyo na kidhibiti kimoja, jua umebaki na swichi moja tu. Ongeza ya pili.

Tatu, na hapa naongea na waandishi wenzangu wa programu. Najua tunavyofikiri: kwa nini ninunue kidhibiti na nina Arduino, relei ya bluu na kipimajoto cha DS18B20 kwenye droo? Programu yenyewe ni mistari mitano. Joto likiwa chini ya 25, washa.

Je, unajua waya wa kipimajoto hicho ukichomoka, maktaba ya DallasTemperature ambayo wengi tunaitumia hurudisha namba gani? Hurudisha -127. Na -127 ni chini ya 25. Programu yako itawasha hita na haitaizima kamwe, nayo itakuwa inatii ulichoandika. Kipimajoto hichohicho hutoa 85 kikiwa kimewashwa tu na bado hakijapima chochote. Kwa hivyo namba yoyote iliyo nje ya, tuseme, 15 hadi 35 ihesabiwe kuwa kosa, na kosa lizime hita.

Lakini kuna kosa ambalo kagua hiyo haitalikamata. Kipimajoto kikiruka nje ya maji kitapima hewa ya sebuleni: 18. Hiyo ni namba halali kabisa! Ndiyo maana ni lazima pia uweke ukomo wa muda: hita ikiwaka saa kadhaa mfululizo na joto lisipande, zima na upige kelele. Washa pia ile saa ya ndani ya chipu inayoianzisha upya ikiganda. Unganisha hita kwenye upande wa relei ambao huwa wazi relei ikikosa nguvu. Na zile relei za kisasa zisizo na sehemu inayosogea, ambazo watu huzipenda kwa sababu hazina makelele, mara nyingi zikiungua hubaki zimepitisha stima. Ukiitumia, ni lazima kuwe na swichi nyingine ya kawaida mbele yake.

Na simu? Simu ipewe habari, isipewe uamuzi. Ujumbe wa kukuambia maji yamefika 27 ni jambo zuri sana. Lakini hita isiyoweza kuzimika mpaka iulize seva iliyo nchi nyingine, intaneti ikipotea inafuata nini?

Najua pingamizi litakalokuja: stima zetu hupotea, kwa hivyo baridi ndiyo adui, si joto. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Lakini rudi kwenye hesabu ya juu. Kwa saa 12 bila hita, tangi letu bado lina nyuzijoto 21. Kitakachowaua samaki mapema zaidi ni kukosa oksijeni pampu zikisimama. Betri uliyo nayo ipe pampu ya hewa, usiimalize kwa hita.

Mwisho, wewe mwenyewe. Maji ya chumvi na volti 240 havina urafiki. Mwite fundi akuwekee ile swichi ya miliampia 30 inayokata stima ikivuja, ambayo mafundi huiita RCD. Plagi ya hita ndogo iwe na fyuzi ya ampia 3, si 13. Waya ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke sakafuni. Chomoa hita kabla ya kutia mkono au kupunguza maji, na uipe muda ipoe, kwa sababu hita ya kioo ikiwa moto nje ya maji hupasuka.

Kama una tangi, fanya jaribio hili leo jioni ukiwa umekaa hapo. Toa kipimajoto cha kidhibiti kwenye maji, kiweke mezani, na uangalie ni kitu gani kitaizima hita na baada ya muda gani. Usiondoke hapo, na maji yakikaribia 27 chomoa. Ikiwa jibu ni "hakuna", basi unajua fedha za mwezi ujao ziende wapi. Niandikieni hapo chini mmepata nini.