Pikipiki ni Jembe: Liwe Mali ya Mwenye Kulima

Katika mikutano ya matawi siku hizi hakosekani mzee wa kusimama na kuwalaumu waendesha bodaboda. Atasema vijana hawa hawana adabu, hawavai kofia, wapita kushoto na kulia kama nyuki waliochokozwa. Watu watapiga makofi. Kisha mkutano ukifungwa, mzee yule yule atamwita kijana wa bodaboda ampeleke nyumbani, tena atamhimiza akaze mwendo kwa maana mvua inakuja. Sisi hatumcheki mzee wetu. Twataka kusema tu kwamba katika jambo hili taifa zima limepanda kiti cha nyuma, na haifai abiria kumtukana dereva kabla ya kuuliza ni nani anayemkimbiza.

Yafaa tukiri mapema kwamba sisi twazipenda pikipiki. Kazi ya chama imetupitisha katika njia ambazo gari halipiti: kwenye matuta ya mpunga, kwenye vivuko vya mbao mbili, na kwenye vilima ambavyo wakati wa masika hata trekta huviogopa. Wazee waliotangulia katika kupigania uhuru walikwenda huko kwa miguu na kwa baiskeli. Sisi tumekwenda kwa pikipiki, na tumeona mama mwenye uchungu akiwahishwa zahanati usiku kwa pikipiki, na gunia la mahindi likifika sokoni kwa pikipiki. Mtu asituambie kwamba chombo hiki ni uhuni. Chombo hiki ni jembe.

Jina la bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia, ambako vijana wa baiskeli waliwavusha watu kutoka upande huu wa mpaka hadi ule. Baiskeli ikawa pikipiki, na jina likatembea. Kwetu Tanzania, kanuni za mwaka 2010 ndizo zilizoipa pikipiki ruhusa ya kubeba abiria kwa leseni. Tangu hapo hakuna kijiji chenye mnazi au mwembe wa kupumzikia ambacho hakina kijiwe cha pikipiki.

Na pikipiki zenyewe si mbaya. Boxer ya Bajaj na TVS, zote za India, pamoja na hizi za kutoka China, zimeundwa kwa ajili ya nchi kama yetu. Injini ni ya silinda moja, hupozwa na upepo, haina rejeta la kuvuja. Fundi wa chini ya mti huifungua kwa spana chache na kuirudisha kabla ya adhuhuri. Kiti ni kirefu, keria ni ya chuma, na petroli inayotumiwa ni kidogo. Kama ungetuuliza tuongeze nini, tungesema breki ya diski mbele na tairi nzuri zaidi. Hatungeongeza stika wala eksozi ya kupiga kelele. Eksozi ya kelele haijawahi kumpeleka mtu mbali kuliko eksozi ya kimya.

Tena wananchi wasidhani kwamba kutengeneza vyombo hivi ni uganga wa watu wengine. Royal Enfield ilitoa pikipiki yake ya kwanza huko Uingereza mwaka 1901. Mwaka 1955, miaka minane tu baada ya India kupata uhuru wake, kiwanda kilianzishwa Madras, na vipande vikaunganishwa huko vikitoka Uingereza. Baadaye Wahindi wakajifunza kutengeneza vipande wenyewe. Kiwanda cha Uingereza kikafa, na cha Madras, mji ambao leo huitwa Chennai, kingali hai. Aliyekuwa akitawaliwa akawa mwenye kiwanda. Hilo ni somo ambalo tungependa kila fundi wa Kariakoo alijue.

Sasa tuje kwenye tabia za barabarani. Tutasema wazi, kwa kuwa rafiki wa kweli hafichi. Ndugu waendeshaji, mna makosa. Mmeng'oa saitimira kwa sababu mwaona zinaharibu sura ya pikipiki, basi mwageuka shingo katikati ya magari. Kofia mwaivika tangi la petroli, na tangi halina ubongo. Mwapakia mshikaki wa watu watatu, mtoto akiwa juu ya tangi. Mwaingia katika njia ya mabasi ya mwendokasi. Na wengi wenu mmefundishana vijiweni kwamba breki ya mbele huangusha, kwa hiyo mwakanyaga ya nyuma peke yake. Huo ni upotovu. Pikipiki inapofunga breki uzito wake hukimbilia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kuisimamisha. Ajuaye kuishika breki ya mbele polepole, pamoja na ya nyuma, husimama kabla ya mtoto avukaye barabara. Asiyejua husimama baadaye.

Kuhusu kofia hatuna haja ya kubishana. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi walikuta kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa kiasi cha asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Wavietnam, ambao miji yao imejaa pikipiki kuliko yetu, walianza tarehe 15 Desemba 2007 kumlazimisha kila dereva na kila abiria kuvaa kofia katika kila barabara, na karibu watu wote wakavaa. Basi na iwe hivyo kwetu: kofia mbili, tena zifungwe kamba kidevuni. Kofia isiyofungwa ni ya maonyesho.

Lakini tukiishia hapa tutakuwa kama yule mzee wa mkutanoni. Tulipokuwa katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto achelewaye kila siku usimchape kabla ya kuuliza anatoka wapi na ameamka na kazi gani. Nasi tumekaa vijiweni, tukauliza. Jibu tulilopata lilikuwa neno moja: hesabu.

Hesabu ni ile fedha ambayo kijana humpelekea mwenye pikipiki kila jioni. Mvua ikinyesha, hesabu. Tairi ikipasuka, hesabu. Abiria wakipungua mwezi ukiwa katikati, hesabu. Kijana anaanza siku akiwa na deni, na mpaka saa nane mchana huenda bado anamfanyia kazi mtu aliyelala. Fedha yake mwenyewe huanza kuingia jua likiwa linashuka, mwili umechoka, na barabara zimejaa. Hapo ndipo anapokata kona, ndipo anapopakia watu watatu, ndipo anapopita taa nyekundu. Wananchi, mwendo kasi ni mtoto wa hesabu. Mkimpiga mtoto mkamwacha mzazi, kesho atazaliwa mwingine.

Tuchukue mfano wa tarakimu. Tuseme pikipiki imenunuliwa kwa shilingi 2,600,000, na hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa juma. Kwa majuma 52 kijana atakuwa amelipa shilingi 3,120,000. Ikiwa wamepatana kwa mkataba kwamba baada ya mwaka huo pikipiki ni yake, hatutasema ameonewa: mwenye fedha amepata faida ya shilingi 520,000, na kijana amepata chombo. Lakini wako wengi wasio na mkataba wowote. Hao wakifanya kazi miaka miwili watakuwa wametoa shilingi 6,240,000, yaani thamani ya pikipiki mbili na zaidi, wala hawamiliki hata ule mpini wa klachi. Na wako wenye mkataba wa mdomo tu, ambao mwezi wa kumi na moja, kijana akiugua juma moja, pikipiki huchukuliwa na yote aliyolipa husahauliwa. Kadi ina jina la nani? La mwenye fedha. Basi atakwenda kushtaki kwa karatasi gani? Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Wako watakaosema: je, mwenye pikipiki naye si mwananchi? Ndiyo, tena wengine ni mwalimu mstaafu au mjane aliyeweka kiinua mgongo chote katika pikipiki moja, naye hulala macho akihofia wezi. Hatumwiti mtu huyo mnyonyaji. Twamwambia kwamba mkataba wa maandishi utamlinda yeye vile vile. Dereva anayejua kwamba pikipiki itakuwa yake baada ya miezi kadhaa hutia oili kwa wakati, hukaza cheni, na haiendeshi kama mali ya adui. Asiye na tumaini nayo huiua kabla ya mwaka, na hasara ni ya mjane.

Hata hivyo, mkataba mzuri ni hatua ya kwanza tu. Safari yenyewe ni ushirika. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU. Wakulima wa pamba wa Ziwa Victoria, waliochoshwa na mizani ya wanunuzi, waliunganisha vyama vyao mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani. Watu wale hawakuwa matajiri. Walikuwa na majembe, na walikuwa wameelewa kwamba mtu mmoja mbele ya mizani ni mnyonge, lakini watu elfu mbele ya mizani ni wenye mizani.

Basi kijiwe chenye watu 20 kina nini cha kukizuia? Kila mmoja akiweka shilingi 2,000 kwa siku, siku 6 kwa juma, kijiwe kitakuwa na shilingi 240,000 kila juma. Kwa majuma 11 ni shilingi 2,640,000: pikipiki moja, taslimu, kadi kwa jina la ushirika. Atakayepewa hiyo ataendelea kulipa hesabu yake, ila sasa anailipa kwenye mfuko wa wenzake, na pikipiki ya pili itakuja upesi kuliko ya kwanza, na ya tatu upesi kuliko ya pili. Twajua kwamba shilingi 2,000 kwa mtu mwenye hesabu ni chungu. Twajua pia kwamba viko vijiwe ambavyo tayari huchangishana kwa misiba na kwa wagonjwa, wala hakuna aliyewafundisha. Watu wanaoweza kuchangia jeneza la mwenzao wanaweza kuchangia pikipiki yake.

Na tusichelewe, kwa sababu chombo kinabadilika. Huko Kigali pikipiki za umeme zimebeba abiria tangu mwaka 2019, na Nairobi pia zimeingia. Hazina moshi wala oili ya injini, na betri ikiisha hubadilishwa kituoni kwa muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Sisi tunazifurahia. Lakini angalieni vizuri mtindo mmoja wa biashara hiyo: kijana hununua pikipiki, bali betri hubaki mali ya kampuni, naye hulipa kila anapobadilisha. Labda bei yake ni nafuu kuliko petroli, na ikiwa hivyo vema. Lakini swali letu ni lile lile: jembe likiwa la kijana na makali yake yakiwa ya mwingine, analima kwa hiari ya nani? Afadhali ushirika uulize swali hilo sasa, kabla ya kutia sahihi.

Kwa hiyo twaomba mambo manne. Kila mkataba wa pikipiki uandikwe, kijana akae na nakala, na ndani yake zitajwe siku za ugonjwa na siku ya kubadilisha jina kwenye kadi. Serikali za mitaa zivisaidie vijiwe kuandikishwa kuwa ushirika badala ya kuvikumbuka siku ya msako. Mafunzo ya udereva yafuate vijana vijiweni, na breki ya mbele iwe somo la kwanza. Na ninyi waendeshaji, rudisheni saitimira, vaeni kofia, mshusheni yule mtu wa tatu. Anayedai haki yake mezani akiwa na kosa barabarani hupunguza nguvu ya neno lake mwenyewe.

Matawi yetu yasingoje amri kutoka juu. Kila katibu wa tawi ana kijiwe karibu na ofisi yake. Aende jioni moja, asihutubie, aulize habari ya hesabu, kisha asikilize.

Wazee walisema jembe halimtupi mkulima. Ni kweli, lakini walisema hivyo kwa sababu jembe lilikuwa lake.