Vumbi la Usangu lipimwe hapa hapa

UPEPO WA NYANDA
Na Atuganile Mwaisaka

Kiangazi kimekomaa. Anayetoka Iringa kwenda Mbeya wiki hizi, akishaiacha Makambako na kuanza kuteremka kuelekea Igawa, hufunga vioo vya gari hata kama joto linamsumbua. Kulia kwake ni Usangu. Mpunga umevunwa, majaruba yamekauka hadi yakapasuka, mifugo imekanyaga njia zake tangu Juni, na upepo wa mchana ukija unauinua udongo wote huo. Mbali kidogo utaona chamchela inatembea peke yake katikati ya mashamba, inatulia, inaanguka, nyingine inainuka. Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi huko chini katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na tope lake likishakauka nalo ni vumbi.

Iringa nayo ina lake. Ismani, iliyosifika kwa mahindi miaka ya 1950 na 1960, leo ni ardhi iliyochoka, na anayepita kuelekea Migoli na Mtera anaiona rangi yake kwenye majani ya miti kando ya barabara. Chunya kuna vumbi la aina nyingine kabisa, linalotoka kwenye makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu. Na katika Jiji la Mbeya, kazi ya kuipanua barabara kuu kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi imewafundisha wenye vibanda kumwagia maji mbele ya biashara zao kila asubuhi.

Vumbi tunalo, na kila mtu analilalamikia. Lakini mama wa Igawa ambaye mtoto wake anakohoa tangu Agosti akiuliza hewa ya kijijini kwake ina vumbi kiasi gani, hapati namba iliyopimwa kijijini kwake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu 2004, na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa tangu 2007. Shirika la Afya Duniani lilikaza viwango vyake mwaka 2021: kwa zile chembe ndogo zaidi, zenye upana usiozidi maikromita 2.5, wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Chembe hizo ndizo zinazopita puani na kooni bila kuzuiwa, zikafika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Kiwango kikishawekwa, kinachobaki ni kupima, na kupima ndiko kunakotushinda.

Wataalamu wa vumbi duniani wamejazana Sahara, na wana sababu. Bonde la Bodélé nchini Chad ndilo chanzo kikubwa kuliko vyote vya vumbi linalopaa angani. Mwaka 2015 watafiti wakitumia setilaiti ya NASA walikadiria kwamba vumbi la Sahara linavuka Atlantiki na kuupelekea msitu wa Amazon tani 22,000 hivi za fosforasi kila mwaka, yaani mbolea inayosafiri kwa upepo. Wamelifuata vumbi lile hadi upande wa pili wa bahari. La Usangu halijafuatwa hivyo hata hadi Rujewa.

Mtu ataniambia kwamba siku hizi vihisi vya vumbi ni rahisi, kila halmashauri inaweza kununua. Ni kweli, kipo cha bei ndogo kuliko simu janja ya kawaida. Ndani yake kuna feni ndogo inayovuta hewa na taa ya leza. Chembe ikipita mbele ya leza hutawanya mwanga, jicho la kielektroniki linauona, na programu inatoa namba. Uzito wenyewe wa vumbi haupimwi, unakisiwa kutokana na mwanga, na makisio hayo hupangwa kiwandani kwa kufuata hewa ya mahali pengine, mara nyingi hewa ya moshi.

Kipeleke kifaa hicho Igawa. Chembe za udongo ni kubwa na nzito kuliko za moshi, nyingi haziingii vizuri kwenye njia yake nyembamba ya hewa, na zinazoingia zinahesabiwa pungufu. Kitasoma vumbi chini ya lilivyo. Sasa kipandishe Uyole au Uporoto, asubuhi ya baridi na ukungu. Chembe za hewani hunyonya unyevu na kuvimba, leza inaona chembe nene, na kifaa kinatangaza uchafu ambao haupo. Kifaa kimoja, mkoa mmoja, kinadanganya huku kwa kupunguza na kule kwa kuzidisha. Mkuu wa mkoa akiwekewa takwimu hizo mezani, Igawa itaonekana salama na Uyole ndiyo itakayoandikiwa mpango wa dharura.

Dawa yake inajulikana. Unakiweka kihisi cha bei nafuu bega kwa bega na mashine ya rejea, ile inayonasa vumbi kwenye kichujio na kulipima uzito wake halisi, unaviacha pamoja kiangazi kizima na masika yote, kisha unaandika masahihisho yanayofaa mahali hapo. Wakala wa Vipimo haumruhusu mwenye duka Soko la Mwanjelwa kutumia mizani isiyohakikiwa, na pafu la mtoto lina haki kuliko kilo ya sukari. Kampala wameshaipita njia hii. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, unaoongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha, ulianza 2015. Walijitengenezea vifaa vinavyovumilia vumbi, joto na umeme wa kukatikakatika, vingine wakavifunga kwenye bodaboda, na wakavisahihisha kwa mashine za rejea zilizoko mjini mwao.

Kuna jambo jingine ambalo kihisi cha leza hakiwezi kabisa: kutofautisha vumbi na vumbi. Lile la karasha la Chunya limejaa kwazi (quartz), yaani silika ya fuwele, na unga wa kwazi ukivutwa kila siku kwa miaka unaleta kovu la mapafu lisilopona na kumfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliuweka mwaka 1997 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Kijana anayelisha mawe kwenye karasha akiwa amejifunga kitambaa puani na mchungaji wa Usangu wanaweza kuvuta kiasi kilekile cha vumbi kwa uzito, lakini madhara hayafanani. Kulijua hilo kunahitaji maabara, na maabara ikiwa Dar es Salaam vichujio vitakaa stoo hadi bajeti ya mwaka mwingine.

Vumbi haliishii mapafuni, linakula na umeme. Nimepanda ngazi hadi kwenye paa la zahanati moja wilayani Mbarali, mlinzi akiishika chini. Paneli za sola zilikuwa mbili, na rangi yake nyeusi ilikuwa imegeuka ya udongo. Nilipopitisha kidole, vumbi la juu lilitoka kirahisi. La chini lilikuwa limeganda, limeshika kioo kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Ndivyo linavyofanya: usiku wa baridi umande unalilowesha, asubuhi jua linalikausha, na kila siku tabaka linaongezeka kwa sababu kuanzia Mei au Juni hakuna mvua ya kuliosha. Mlinzi aliniambia kwa upole, "Dada, nikisugua sana kioo kinachubuka, nikiacha taa za wodini hazifiki saa nne." Anatumia fagio, kwa kuwa maji ya kisima pale ni ya kununua kwa ndoo.

Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2018 uchafu ulipunguza uzalishaji wa umeme wa sola duniani kwa angalau asilimia 3 hadi 4. Wastani huo umejumuisha nchi zinazonyeshewa mwaka mzima. Kwa paa ambalo halioni mvua miezi mitano, upande wa Usangu au Pawaga, hakuna mhandisi anayepaswa kutumia namba ya wastani wa dunia. Sisi tuna bahati ambayo jangwa halina: paneli za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25, na baridi ya Mbeya na Iringa inazifaa sana. Tunayoipata kwa baridi tunaipoteza kwa vumbi. Jokofu la chanjo linalotumia sola halijali hasara imetoka wapi.

Hapa ndipo vitu vya kiwango cha nano vinapoingia, na sipendi vinavyoogopwa kana kwamba ni mambo ya wenzetu. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wa mtu una upana wa nanomita 80,000 hivi. Kitu kikisagwa hadi kiwango hicho, sehemu kubwa ya chembe zake hukaa juu, wazi, tayari kugusana na vingine, ndiyo maana tabia hubadilika. Mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel, wakiwa Uswisi, walitumia punje za nano za oksidi ya titani, ile ile inayoipa rangi nyeupe weupe wake, wakazipaka rangi inayonasa mwanga na kupata seli ya sola ya gharama ndogo. Oksidi ya bati, yenye punje ndogo vivyo hivyo, ndiyo moyo wa vihisi vingi vya gesi. Katika mikoa ambayo kila Juni na Julai tunasikia watu waliolala na jiko la mkaa ndani wasiamke, kihisi cha gesi ya kaboni monoksidi kinachotengenezwa hapa kingeokoa familia nzima.

Vioo vya sola navyo hupakwa utando wa nano ili visishike uchafu. Aina moja hupenda maji: mvua ikinyesha, maji hutandaa na kusomba vumbi lote. Utando huo unauzwa kwa sifa kubwa, ila Ubaruku utakaa miezi mitano ukisubiri mvua. Aina ya pili huyakataa maji, yakabingirika na kuondoka na vumbi. Je, umande wa usiku wa Igurusi unatosha kubingirika? Jibu linapatikana kwa kuweka vioo juani pale pale Igurusi na kuvitazama.

Malighafi ya utando huo imerundikana nyuma ya kila mashine ya kukoboa mpunga. Igurusi nilimkuta mzee akipakia kwenye mkokoteni pumba za kuchomea matofali. "Kamwene, mwanangu," alinisalimu, "chukua hata gunia kumi, hazina bei." Ukichoma pumba ngumu za mpunga, kama sehemu moja kati ya tano hubaki majivu, na majivu hayo karibu yote ni silika. Ukidhibiti moto usizidi nyuzi 700 hivi, silika inabaki laini, yenye vinyweleo vya nano, inayofaa kwa tando za vioo na kazi nyingine nyingi. Ukiuachia moto ukapanda sana, silika inageuka fuwele na kuwa jamaa wa lile vumbi la karasha. Pumba ni zile zile, kinachoamua ni tanuri na mtu anayejua kusoma kipimajoto.

Watu hao tunao. Mwaka 2009 Nuru Mlyuka wa Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa na Gunnar Niklasson na Claes Granqvist wa Uppsala nchini Sweden, alichapisha utafiti wa tando nyembamba za oksidi ya vanadi, zinazoweza zenyewe kuzuia joto la jua dirishani likishapanda, na wakaonyesha kwamba kuongeza magnesi kunaufanya utando upitishe mwanga zaidi. Wanafunzi wa walimu wa aina hiyo wanafundisha vyuoni nchi nzima. Mbeya ina MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza 1986 kama Chuo cha Ufundi. Iringa ina Mkwawa, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005. Vyote viwili vimo katika mradi wa HEET, ambao Benki ya Dunia imeukopesha dola milioni 425 kwa vyuo vya Tanzania. Majengo yanainuka. Naomba yakikamilika kazi ya kwanza ya maabara zake iwe vumbi la barabara inayoviunganisha vyuo hivyo viwili.

Najua watakaosema kwamba zahanati hazina dawa na mimi naandika habari za nano. Nawajibu kwamba zahanati hiyo hiyo imeshanunuliwa paneli, betri na jokofu, fedha imeshatoka, na inapotea juu ya paa kidogo kidogo kila siku. Halmashauri inapotangaza zabuni ya sola iweke ndani yake ratiba na gharama ya kusafisha, brashi laini na tangi la maji, na imlipe mlinzi anayepanda ngazi. Hilo halihitaji maabara, linaweza kuanza katika bajeti ijayo.

Kwa upande wa utafiti, ninachoomba ni kidogo. Mashine mbili za rejea, moja Igawa na moja Uyole, na vihisi vya bei nafuu kando yake. Paneli tatu Ubaruku na tatu Ismani: ya kwanza isafishwe kila wiki, ya pili iachwe, ya tatu ipakwe utando wa silika ya pumba za Igurusi, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wasome mita zake kuanzia Juni hadi mvua za kwanza. Matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili kabla hayajapelekwa kwenye jarida la nje, ili yule mama wa Igawa awe wa kwanza kuyasoma.