Kasha la pleksi si mchezo wa watoto wa tajiri

Wiki iliyopita, katika mkutano mmoja hapa Goma, mheshimiwa mmoja alinyoosha kidole kuelekea kompyuta ya redio yetu, akacheka. "Wakimbizi wanalala juu ya mawe, na nyinyi munachonga makasha ya vioo? Huo ni mchezo wa watoto wa tajiri." Ukumbi wote ukacheka naye. Mimi sikujibu, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake, na munajua desturi ya mikutano yetu: mwenye kipaza sauti ndiye mwenye haki.

Leo kipaza sauti kiko kwangu. Ndugu wasikilizaji, na nyinyi jamaa muliokuwa Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, munisikilize hadi mwisho. Jambo hili ni lenu kuliko munavyofikiri.

Tuanze na ukweli. Kasha lile si kioo. Ni pleksi, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ambayo munaiona kwenye vibao vya maduka na vya ofisi. Na hatukulichonga kwa kupenda urembo. Tulilichonga kwa sababu redio yetu pia ni mkimbizi.

Tulipotoka Masisi, kompyuta ya studio ilisafiri kwenye pikipiki, katikati ya godoro na gunia la maharagi. Kabla ya kufika Sake pikipiki iliteleza kwenye matope. Godoro lilipona, maharagi yalipona, kompyuta ililaliwa na pikipiki. Tulipoifungua Goma, kasha la bati lilikuwa limekunjwa kama kopo la nyanya. Lakini ndani, ubao mkuu, ule mafundi wanaouita karti meri, ulikuwa mzima. Diski nzima. Memori nzima. Matangazo yetu yote yalikuwa mle. Kijana mmoja fundi wa simu aliitazama akaniambia: "Yaya, mashini haijafa. Imekosa nyumba tu."

Nani kambini asiyeelewa neno hilo?

Tukaenda kwenye ofisi moja inayosaidia redio. Tukaeleza kwamba tunahitaji kasha tu. Jibu lilikuwa kwamba budje yao ina mstari wa kompyuta nzima, haina mstari wa kasha. Tujaze fomu, tungoje. Tulijaza. Tulingoja miezi minne.

Mheshimiwa aliyecheka anapaswa kujua miezi minne hiyo ilikuwa na maana gani. Kompyuta ya redio ndogo ndiyo inayorudia tangazo. Animateri analisoma mara moja, anarekodi, kisha mashini inalirudia kila saa, hata yeye akiwa amelala. Bila mashini, tangazo lilisomwa mara moja kwenye karatasi na kupita kama pikipiki. Mama mmoja kutoka Kitshanga alikuja kutuuliza kwa nini hatukusema kwamba mahali pa kugawa chakula pamehamishwa. Tulisema. Tulisema mara moja, saa nne asubuhi, wakati yeye alikuwa kwenye mstari wa maji na mabidoni yake. Alifika kwenye ugawaji siku iliyofuata akakuta uwanja mtupu. Hakuna aliyemrudishia unga wake. Huo ndio mchezo wa watoto wa tajiri.

Yule kijana fundi ndiye aliyetutoa hapo. Hapa mjini kuna watu wenye mashini ya leza ya kuchonga vibao vya ofisi na zawadi za mashindano ya mpira. Mabaki ya pleksi yanajaa kwenye kona ya karakana yao. Kijana alipima ubao mkuu wetu, sentimeta 24.4 kila upande, kipimo ambacho viwanda vimekubaliana, kwa hiyo mchoro mmoja unaweza kufaa kompyuta nyingi. Alichora kuta sita kwenye programu ya Inkscape, ambayo ni ya bure. Kabla ya kugusa pleksi, alikata kasha zima kwa katoni ya biskuti, akalisimamisha mezani, tukaona kwamba tundu la nyaya liko upande usiofaa. Katoni haina bei. Akarekebisha.

Kuta zilikatwa kwenye pleksi ya milimeta 3, sakafu kwenye ya milimeta 5, kwa sababu sakafu ndiyo inayobeba uzito. Pembe zinashikana kwa meno, kama vidole vya mikono miwili. Hapo ndipo palipo na ujuzi: mwali wa leza unakula mstari mwembamba, sehemu ya kumi ya milimeta au mbili, na usipouhesabu, meno yanalegea na kasha linatikisika. Ukiuhesabu, kuta zinaingiana kwa kusukuma kwa kiganja, kisha visi vinamaliza. Visi havikazwi kwa nguvu, maana pleksi inapasuka kwenye pembe. Ukuta mmoja ulipasuka hivyo, tukaukata upya.

Ubao mkuu ulisimamishwa juu ya miguu midogo ya shaba ili usiguse sakafu. Mbele tuliweka vantilateri inayovuta hewa kupitia soksi ya nailoni ya kina mama, iliyovutwa kama ngozi ya ngoma. Vantilateri ya kuingiza hewa ni kubwa kuliko ya kutoa, hivyo hewa inasukuma kutoka ndani, na vumbi haliingii kwenye kila mwanya. Munajua vumbi la Goma, lile jeusi la mawe ya volkano linaloingia hata kwenye sahani iliyofunikwa. Kasha la bati lilikuwa linalificha. Kwenye pleksi tunaliona, na Jumamosi tunafua soksi.

Kazi ilichukua siku mbili. Pamoja na visi na dakika za leza tulilipa dola 28, na fundi akala humo. Siku ya tatu matangazo yalianza kurudiwa kila saa.

Sasa nijibu wanaopinga, maana si wote ni wachekaji. Wengine wana hoja.

Wanasema pleksi inaungua. Kweli, inaungua. Inalegea ikikaribia digrii 100, na moto ukiigusa inawaka. Kwa hiyo usiweke kompyuta hiyo karibu na mbabula, na kile kisanduku cha umeme kinachopokea volti 220 kibaki ndani ya bati lake la kiwandani. Kijana anayekifungua ili taa zake zionekane ni mjinga, na nitasema hivyo hewani. Lakini shitingi zinazofunika familia zenu ni plastiki pia, na hakuna aliyesema tuzitupe kwa sababu hiyo. Tunasema: pika mbali nazo.

Wanasema pleksi haizuii mawimbi. Hii ndiyo hoja nzito, na inatuhusu sisi wa redio kuliko wengine. Bati linazuia mawimbi kuingia na kutoka, pleksi inayaacha yapite. Siku ya kwanza tulisikia mlio kama wa nyuki kwenye sauti, kwa sababu kisambazaji kilikuwa meza ya pili. Tulibandika karatasi ya alumini kwenye kuta tatu kwa ndani, mbali na ubao mkuu, tukaiunga na bati la kisanduku cha umeme, tukasogeza kisambazaji upande mwingine wa chumba. Mlio ukaisha. Ilibidi pia tutafute waya mzuri wa ardhi, na katika mji uliojengwa juu ya jiwe la volkano hiyo ni kazi kubwa kuliko kasha lenyewe. Basi tusidanganyane: anayekuuzia kasha la pleksi bila kukuuliza litakaa wapi, hajui kazi.

Wanasema makasha ya dukani ni bora. Yale mazuri, ndiyo. Lakini yale tuliyoonyeshwa Birere yalikuwa ya bati linalokunjika kwa kidole, na bei yake ilikaribia mara mbili ya letu. Na likivunjika, mchoro wake hauko kwako. Wa kwetu uko kwenye ufunguo wa USB mfukoni mwa kijana. Ukuta ukipasuka, tunakata ukuta mmoja.

Tena wanasema vijana hawa walijifunza kwa kutazama video za watu wa Ulaya wanaopamba kompyuta za michezo kwa taa za bluu na nyekundu. Ni kweli. Mimi niliwacheka pia mwaka jana, na naomba radhi. Mtoto anajifunza kusuka kwa nyasi kabla ya kupewa ukindu.

Mheshimiwa, tazama chukudu. Hakuna mhandisi wa kigeni aliyetuletea mchoro wake. Ni mti wa mkaratusi, magurudumu ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi chakavu, na inabeba viazi na makaa kutoka milimani hadi mjini. Tumeiwekea sanamu yenye rangi ya dhahabu katikati ya Goma, na wewe umepiga picha hapo. Mbona kijana anayetengeneza chukudu ni fahari ya Kivu, na kijana anayetengeneza kasha la kompyuta ni mtoto wa tajiri?

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Ndani ya kompyuta hizo kuna vipande vidogo vya tantali, na tantali inatoka kwenye koltani. Wengi wenu muliokuwa kambini munatoka Rubaya na vilima vyake. Mumechimba jiwe hilo kwa sururu, mumelibeba mgongoni, mumelikimbia liliposhikwa na wenye bunduki. Linaenda mbali, linarudi likiwa kompyuta, na kompyuta ikianguka kwenye matope ya Sake tunaambiwa hatuwezi hata kuitengenezea sanduku. Tungoje sanduku nalo litoke mbali. Mimi nakataa.

Sisemi pleksi italisha mtu. Unga ni unga, na unga kwanza. Ila unga bila habari unagawiwa kwenye uwanja ambao mama wa Kitshanga hayupo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na nayaomba hadharani.

Kwa mashirika: wekeni mstari wa matengenezo kwenye budje zenu. Kabla ya kuleta kompyuta kumi mpya, ulizeni ngapi za zamani zimekosa kasha, vantilateri au kisanduku cha umeme tu. Lipeni fundi wa hapa, kwa risiti, kama munavyolipa dereva.

Kwa wenye karakana za leza: musitupe mabaki, na muwe waangalifu. Kuna plastiki inayofanana na pleksi lakini ni PVC, ile ya mabomba. Leza ikiikata inatoa hewa ya sumu inayounguza mapafu na kula mashini yenyewe. Kama hujui ni plastiki gani, usikate. Na muwaambie wateja wasisugue pleksi kwa alkoli, inajaa nyufa ndogo. Maji, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha.

Kwa vijana, wa mjini na wa kambini: mchoro wetu tutampa yeyote atakayekuja na ufunguo wake wa USB, bila malipo. Kwenye shule, kituo cha afya au redio iliyokimbia kama yetu kuna mashini zinazolala kwenye kona kwa kukosa nyumba. Ziulizieni.

Na wewe mheshimiwa, sikukatazi kucheka. Saa kumi na mbili jioni tutatoa orodha ya watoto waliotafutwa wiki hii, na itarudiwa kila saa hadi asubuhi. Fungua redio. Sauti utakayosikia itakuwa inatoka ndani ya kasha lile.