KUTUPA KARATA SI WOGA

Wako wadhanio kwamba mtu akitupa karata zake kabla ya mchezo kwisha ni mwoga. Mimi nasema sivyo. Kutupa ni hesabu, tena hesabu inayowashinda wengi si kwa upungufu wa akili, bali kwa kiburi.

Tuchukue poka ya karata tatu, mchezo uliobuniwa na Mwingereza Derek Webb mwaka wa 1994, na ambao sasa huchezwa katika makasino ya nchi nyingi. Mchezaji huweka dau la kwanza, kisha hugawiwa karata tatu, na mgawaji naye tatu. Akiisha kuzitazama zake, ana mawili: azitupe, na lile dau lipotee, au aongeze dau la pili lililo sawa na la kwanza. Karata za mgawaji zisipofika bibi, mchezaji hulipwa kwa dau la kwanza tu, na la pili hurudishiwa. Zikifika, mwenye karata bora ndiye mshindi.

Wajuzi wa hesabu wameweka mpaka: bibi, sita na nne. Asiye na jozi, wala mfuatano, wala karata tatu za aina moja, na kubwa yake ni ghulamu au chini, atupe. Mwenye bibi atazame ya pili: ikipita sita, acheze, ikiwa ni sita, basi ya tatu isipungue nne. Mwenye mfalme au ree acheze bila ya kusita.

Kwa nini? Tuseme dau ni shilingi 100, nawe umepata karata za ghulamu mara 100 na kuzicheza zote. Mgawaji hukosa kufika bibi yapata mara 30. Hapo utapata shilingi 3,000. Mara 70 zilizobaki atakushinda, nawe utapoteza madau mawili kila mara: shilingi 14,000. Hasara yako ni 11,000. Lau ungezitupa zote, ungepoteza 10,000. Basi swali si kama utashindwa. Swali ni kama kuendelea kutakugharimu zaidi ya kile kilichokwisha kwenda.

Hapo ndipo kiburi kinapoingia. Mtu hulifuata dau lake kwa dau jingine, akaona haya kusema, "Hili limekwenda." Wahenga walinena kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Walikusudia chombo cha baharini, lakini mezani nako yafaa.

Hata hivyo, msomaji asidanganyike. Anayefuata kanuni hii bila ya kukosea, naye huacha kwa wastani shilingi 3 na senti 37 katika kila shilingi 100 za dau la kwanza. Asiyetupa kamwe huacha zaidi ya shilingi 7. Ustadi wote huo haununui ushindi. Wapunguza hasara tu.

Sasa kanuni hiyohiyo tuipime kwa lile dau la kwanza. Asiyekaa mezani hapotezi kitu. Akaaye hupoteza, hata akiwa bingwa. Kwa hivyo karata mbovu kuliko zote ni kile kiti chenyewe. Chuoni tulifundishwa kuwa kamari ni haramu, na hilo lanitosha mimi. Asiyeridhika na hukumu ya chuoni, na aridhike na hesabu.

Webb mwenyewe baadaye alikuwa miongoni mwa waliopigania kudhibitiwa kwa mashine za kamari madukani Uingereza, hata mwezi wa Aprili 2019 dau kubwa kabisa likashushwa kutoka pauni 100 hadi pauni 2.

Kwa hivyo, ewe uliyepokea mshahara jana, ikiwa umejifunza kutupa karata, usiishie hapo. Tupa jongoo na mti wake.